Sura ya 7: Jicho Juu, Mzinga Chini

Magoma imekaa bondeni. Mto Lwengera unateremka kwenda Korogwe kuungana na Pangani, na pande zake mbili imesimama milima: magharibi ni Usambara ya Lushoto, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashariki ni Usambara ya Amani, fupi kidogo lakini yenye misitu mizito. Kwa mkulima, milima hii ni mvua na mito. Kwa ofisa wa ulinzi wa anga ni kuta mbili.

Tuseme ofisa huyo amesimika rada na redio yake bondeni. Kilomita 10 magharibi mwake kuna ukingo wa mlima uliompita kwa mita 1,000. Mawimbi ya rada, na ya redio nyingi za kijeshi, husafiri kwa mstari ulionyooka; hayapandi mlima na kushuka upande wa pili. Kwa hesabu hiyo, ndege inayokuja kutoka magharibi, ikiwa bado kilomita 50, haionekani wala haisikiki mpaka iwe imeruka zaidi ya mita 5,000 juu ya kichwa chake. Ikija chini ya hapo, itamtokea ghafla ukingoni, na kutoka ukingoni hadi alipo yeye ni chini ya dakika moja kwa ndege ya kivita.

Sasa mpandishe mwenzake juu ya ukingo ule, au angani ndani ya ndege iliyo mita 10,000. Kutoka kimo hicho upeo wa redio juu ya nchi tambarare unafika kiasi cha kilomita 400. Mwenzake anaona kila kitu. Lakini kuona kwake hakumsaidii aliye bondeni hata kidogo, mpaka alichokiona kimfikie kwa wakati na kwa namna ambayo mzinga unaweza kukitumia. Sura hii inahusu njia hiyo ya kupitisha alichokiona mmoja hadi kwa mwingine. Wanajeshi wa anga wanaiita kiungo cha data.

Kiungo cha data ni mawasiliano ya redio yasiyobeba sauti ya mtu. Yanabeba takwimu zilizopangwa kwa utaratibu ambao mashine za pande zote zimekubaliana: ndege iko wapi, kimo gani, kasi gani, inaelekea wapi, ni ya nani, imebakiwa na mafuta na silaha kiasi gani. Kompyuta ya ndege moja inaiambia kompyuta ya nyingine, na rubani anaona alama kwenye kioo mbele yake bila kusema neno. Sababu ya kuacha sauti ni hesabu nyepesi. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa husogea robo kilomita kila sekunde. Rubani akitumia sekunde 10 kueleza kwa maneno adui yuko wapi, adui yule ameshakuwa kilomita 2.5 kutoka pale alipotajwa. Na hapo hatujahesabu muda wa kusikiliza, kuuliza tena na kuelewana vibaya.

Vitabu vingi huanza habari hii kwenye kompyuta za Marekani za miaka ya 1950. Mashine zilianzia huko, ni kweli. Lakini matatizo ambayo mashine hizo zilibuniwa kuyatatua yalikuwa yameshajitokeza, karibu yote, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji mwaka 1915.

Meli mbili zisizoonana

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, ikiwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli hiyo ilikuwa tayari baharini. Tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya mizigo ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Oman, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliivamia manowari Pegasus bandarini Unguja na kuizamisha. Baada ya hapo, kwa uhaba wa makaa na ubovu wa mitambo, nahodha Max Looff aliingiza meli yake ndani ya mikono ya mto Rufiji na kuificha nyuma ya mikoko.

Waingereza waligundua maficho hayo mwishoni mwa Oktoba. Kugundua hakukutosha. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa kina kidogo cha maji, na kutoka baharini Königsberg haikuonekana. Novemba walimkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, H. D. Cutler, na ndege yake ya kutua majini. Cutler aliruka, akaiona meli, akarudi, akasimulia. Ndege yake haikuwa na redio, hivyo habari ilifika pale tu yeye mwenyewe alipotua. Kwa kujua meli ipo, ilifaa. Kwa kuelekeza mizinga, haikufaa kitu: kombora linaruka kwa sekunde chache, na anayelenga anataka kujua limeanguka wapi kabla ya kufyatua jingine.

Ilibidi ije zana ya namna nyingine. Mwaka 1915 zililetwa meli mbili fupi na bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya Brazili na mito yake. Hizi zingeweza kupanda mto. Kisiwa cha Mafia, kilichokuwa kimetekwa Januari mwaka ule, kilifyekwa uwanja wa ndege, na mwezi Juni zikafika ndege nne za Kifaransa, mbili za Caudron na mbili za Henri Farman. Za kutangulia zilikuwa zimeshindwa na joto na unyevu wa pwani.

Safari hii ndege zilibeba simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoita redio. Mtambo wa zama zile ulitoa cheche na kutuma milio mifupi na mirefu ya msimbo wa Morse kupitia waya mrefu ulioning'inia nyuma ya ndege. Kuongea kwa sauti hakukuwezekana. Mwangalizi alibofya herufi chache zilizokubaliwa kabla ya kuruka: limeanguka mbali mno, karibu mno, kushoto, kulia, limepiga. Huo ndio mpangilio wa ujumbe tuliousema hapo juu, katika hali yake ya kitoto. Hakuna sentensi, hakuna maelezo, kuna tarakimu na alama ambazo pande mbili zinazifahamu kwa namna moja.

Wajerumani nao hawakuwa vipofu. Waliweka walinzi kwenye majukwaa juu ya miti kuelekea baharini, na kuwaunganisha na meli kwa waya wa simu. Kwa hiyo asubuhi ya vita zilikutana meli zisizoonana, umbali wa kilomita tisa au kumi, kila upande ukitegemea jicho lililo kwingine. Waingereza walitegemea mawimbi, Wajerumani walitegemea waya.

Siku mbili za Julai

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia mtoni alfajiri na kuanza kupiga. Ndege ilikuwa juu, ujumbe ukawa unashuka. Hata hivyo siku ile ilikwisha vibaya. Zilifyatuliwa zaidi ya risasi 600 za mizinga, Königsberg ikaguswa mara chache tu, na Mersey ikapigwa na kupoteza mabaharia wake.

Kosa halikuwa la redio. Meli mbili zilikuwa zikipiga kwa wakati mmoja. Mwangalizi aliye juu aliona maji yakiruka hapa na pale katikati ya mikoko, lakini hakuweza kujua rusho lipi ni la Severn na lipi ni la Mersey. Akituma kwamba kombora limepita, kila nahodha alidhani ni lake, akapunguza umbali, hata yule ambaye alikuwa amelenga sawasawa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tena kila ndege ilipoishiwa mafuta na kurudi Mafia, kulikuwa na kipindi cha upofu mpaka nyingine ifike.

Siku hiyohiyo upande wa pili ulitoa somo lake. Mizinga ya Königsberg ilikuwa ikipiga kwa ulengaji wa kuogofya. Kisha Severn ikagundua jukwaa la walinzi juu ya mti karibu na mto, ikalipiga. Tangu hapo makombora ya Wajerumani yakaanza kutawanyika. Meli ilikuwa nzima na wapiga mizinga walikuwa walewale. Kilichokatika ni kiungo.

Tarehe 11 Julai Waingereza walirudi. Meli zilikuwa zilezile, ndege zilezile, msimbo uleule. Walibadilisha utaratibu mmoja: meli moja ipige, nyingine inyamaze. Mersey ilitangulia kuvuta moto wa adui, Severn ikatia nanga na kuanza. Juu, ndani ya Henri Farman, alikuwa rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold. Mikupuo ya kwanza ilipita. Arnold akasahihisha, Severn ikashusha, akasahihisha tena. Mkupuo wa nane ukapiga, na kuanzia hapo makombora yakawa yanaangukia kwenye meli mfululizo.

Ndipo Wajerumani walipoipata ndege. Injini ilipigwa na kufa. Cull aligeuza pua kuelekea mtoni na kuanza kuteremka kwa kuelea tu. Walituma habari kwamba wamepigwa na waletewe mashua. Mtu angetarajia mawasiliano yaishie hapo. Arnold hakuacha kubofya. Aliona kwamba makombora yote yalikuwa yanaangukia sehemu ya mbele ya Königsberg, akatuma kwamba yavutwe kuelekea katikati. Severn ikavuta. Katikati ndiko kwenye mitambo. Ndege ikagonga maji karibu na Mersey, ikapinduka, na watu wote wawili wakaokolewa na mashua. Severn haikuhitaji tena jicho. Ilishajua pa kupiga. Alasiri ile Looff alilipua meli yake mwenyewe.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama habari ya ushujaa, na ushujaa upo. Lakini likisomwa kama habari ya ufundi linatoa kanuni tatu. Ujumbe mfupi uliopangwa kabla huushinda ujumbe mrefu unaotungwa papo hapo. Watumiaji wengi wa kiungo kimoja lazima wapangiwe zamu, la sivyo habari sahihi humfikia asiyehusika. Na kukata kiungo kunaweza kuwa rahisi kuliko kuvunja mzinga.

Njia ya reli ya Usambara

Königsberg ilikufa, mizinga yake haikufa. Wajerumani waliiopoa yote 10, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam na kuitawanya. Mmoja ulipiga Kahe, kwenye reli ya Usambara karibu na Moshi, mwezi Machi 1916, jeshi la Jenerali Jan Smuts lilipokuwa likianza kushuka kutoka Kilimanjaro.

Safari ya Smuts ilifuata reli na mto Pangani chini ya milima ya Pare na Usambara. Mombo ilichukuliwa tarehe 9 Juni 1916, Lushoto, wakati ule ikiitwa Wilhelmstal, ilisalimu amri tarehe 12, na Korogwe ikaanguka tarehe 15. Waingereza walikuwa na ndege: Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, ambacho wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini. Kwa kuzingatia Rufiji, mtu angedhani ndege zingewamaliza Wajerumani bondeni. Haikuwa hivyo.

Rufiji lengo lilikuwa limefungwa sehemu moja kwa miezi minane, na ujumbe ulifika kwa sekunde. Usambara lengo lilikuwa askari waliotembea usiku, wakajificha vichakani mchana, na kuondoka kabla ya kuzingirwa. Na ujumbe ulikwenda polepole. Utaratibu wa kawaida wa ndege za upelelezi zama zile, pale ambapo hazikubeba redio, ulikuwa kuandika ripoti kwenye karatasi, kuitia ndani ya mfuko wenye kitu kizito na utepe wa rangi, na kuudondosha karibu na makao ya kamanda, au kurudi kiwanjani na kusimulia. Habari iliyosemwa hivyo ina umri wa saa moja au mbili. Ngome iliyochimbwa haihami kwa saa mbili. Kombania ya askari inahama.

Hapa ndipo wapanga vita walipojifunza kuuliza swali ambalo leo liko ndani ya kila kiungo cha data: habari hii ina umri gani? Mifumo ya kisasa hutuma, pamoja na mahali pa lengo, saa ambayo lengo lilionekana pale na kiwango cha uhakika wake. Alama kwenye kioo cha rubani ikikaa muda bila kusasishwa, mfumo huiondoa. Habari ya zamani inayoonekana kama mpya ni mbaya kuliko kukosa habari, kwa sababu inamtuma mtu mahali pasipo na kitu huku ikimwondoa mahali penye kitu.

Amri kutoka mbali

Mwezi Novemba 1917 kiungo kingine kilijaribiwa, safari hii kwa umbali ambao dunia haikuwa imeuzoea. Jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa kusini mwa nchi, halina dawa wala risasi za kutosha. Ujerumani ikatuma puto kubwa lenye injini, zepelini L 59, chini ya nahodha Ludwig Bockholt, kupeleka shehena hadi nyanda za Makonde. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba. Ilivuka bahari ya Mediterania, ikaingia jangwani, na tarehe 23 ilikuwa Sudan, magharibi ya Khartoum, ilipopokea amri kwa redio kutoka nyumbani: rudi.

Berlin iliamini kwamba Lettow-Vorbeck ameshapoteza eneo ambalo puto lingeweza kutua. Bockholt aligeuza. Aliporudi Jamboli alikuwa amekaa angani saa 95 na kusafiri zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na kuendelea kupigana kwa mwaka mzima.

Amri ilifika, na ilifika kwa usahihi. Kwa fundi wa redio hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini aliyeituma hakuwa na mawasiliano ya uhakika na mtu wa chini aliyekuwa akisaidiwa. Mnyororo ulikuwa na pete mbili, Ujerumani hadi zepelini na Lettow-Vorbeck hadi Ujerumani, na ya pili ilikuwa dhaifu. Kuimarisha moja hakukuponya nyingine. Mabishano kuhusu safari ile yameendelea miaka mingi, hata kukazuka madai kwamba Waingereza ndio waliotuma amri ya uongo. Madai ya namna hiyo yanaweza kusemwa kwa sababu moja tu: aliyepokea hakuwa na njia ya kuthibitisha aliyetuma. Leo kila ujumbe katika kiungo cha kijeshi hufungwa kwa ufunguo wa siri, na asiye na ufunguo hawezi kuusoma wala kuugushi.

Anga ya Musoma

Miaka 60 baadaye swali la nani ni nani liligharimu damu yetu wenyewe. Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameingia Kagera, ndege tatu za kivita za Tanzania zilipita anga ya Musoma zikiwa njiani kwenda Mwanza. Walinzi wa anga waliokuwa chini walikuwa macho kusubiri ndege za Uganda. Walifyatua, na zote tatu zikaanguka.

Si haki kuwalaumu wapiga mizinga tu. Ndege za Uganda zilikuwa MiG za Kisovieti. Za Tanzania nyingi zilitoka China, nazo zilinakiliwa kutoka kwa MiG hizohizo. Kwa mtu aliye chini, anayeiona ndege kwa sekunde nne au tano dhidi ya jua, umbo ni lilelile na mlio ni uleule. Katika hali hiyo tofauti ya rafiki na adui haiwezi kutafutwa kwa macho. Ni lazima itoke kwenye mtambo unaouliza kwa redio na kujibiwa, au kwenye kiungo kinachoonyesha kila ndege yetu iko wapi sasa hivi, au angalau kwenye simu iliyopigwa mapema kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine. Mizinga iliyotungua ndege zile ilifanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni habari ndogo kabisa: hizi ni zetu.

Vita vile vilikuwa na mkasa wa upande wa pili pia. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikwenda kupiga Mwanza, ikakosa shabaha na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama. Waliokufa ni swala. Ndege ya mwendo kasi kuliko sauti, iliyosafirishwa kutoka kaskazini ya bara, ilikuwa na nguvu zote isipokuwa jicho la karibu la kuiambia imekosea kwa kiasi gani, kama Arnold alivyoiambia Severn.

Zamu

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Kiungo kinachojulikana zaidi duniani ni Link 16, kilichotokana na kazi ya Wamarekani ya miaka ya 1970 na kinachotumiwa na nchi za NATO na washirika wao. Kinafanya kazi katika masafa ya megahezi 960 hadi 1,215, na umbali wake wa kawaida, pale ambapo hakuna mlima wala mviringo wa dunia unaozuia, ni kiasi cha kilomita 550.

Moyo wake ni suluhisho la tatizo la tarehe 6 Julai. Kila sekunde imekatwa vipande 128, kila kimoja kikiwa na urefu wa chini kidogo ya milisekunde 8. Kila mshiriki amepewa vipande vyake. Zamu yake ikifika anatuma. Isipofika ananyamaza na kusikiliza. Ni foleni ya ndoo bombani, isipokuwa hapa kila ndoo imeandikwa jina na dakika yake, na hakuna wa kuruka foleni. Ili hilo liwezekane saa za mitambo yote lazima zilingane kwa usahihi mkubwa mno, na kila mtambo unaoingia hutumia muda kwanza kulinganisha saa yake na wenzake. Hakuna kituo kikuu. Ndege moja ikitunguliwa, vipande vyake vinabaki tupu na wengine wanaendelea.

Ulinzi dhidi ya kuvurugwa ni wa pili kwa umuhimu. Mtambo haukai kwenye masafa mamoja. Unaruka kati ya masafa 51, zaidi ya mara 70,000 kwa sekunde, kwa mpangilio unaofahamika na wenye ufunguo peke yao. Anayetaka kuziba mawasiliano inabidi azibe yote 51 kwa pamoja, na hiyo inahitaji nguvu kubwa inayomfichua mwenyewe. Shida ni kwamba masafa hayohayo hutumiwa na vifaa vya kuongozea ndege za abiria, kwa hiyo hata majeshi makubwa huwekewa mipaka ya matumizi wakati wa amani.

Tatizo la bonde la Magoma nalo lina jibu lake. Mshiriki mmoja, aliye juu vya kutosha kuona pande zote mbili za mlima, hupewa vipande vya ziada ili arudie ujumbe wa wengine. Aliye Lwengera na aliye tambarare za Mkomazi hawaonani hata kidogo, lakini wote wanamwona aliye juu ya Lushoto, na kupitia kwake wanajikuta kwenye picha moja. Ndiyo sababu ndege kubwa za rada hazithaminiwi kwa rada peke yake. Mara nyingi thamani yake kubwa ni kurudia ujumbe.

Goma, na ufunguo wa nani

Karibu na kwetu, hatua mpya ilichukuliwa tarehe 3 Desemba 2013. Kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, MONUSCO, kilizindua Goma ndege zisizo na rubani aina ya Falco kutoka Italia. Ilikuwa mara ya kwanza Umoja huo kuwa na ndege za namna hiyo katika operesheni zake za kulinda amani. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa huko tayari, katika Brigedi ya Uingiliaji pamoja na Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa.

Mei 2014 moja ya ndege hizo, ikiwa kwenye doria juu ya ziwa Kivu, ilionyesha mashua inayozama. Picha ilishuka kituoni papo hapo, boti zikatumwa, na watu zaidi ya 10 wakaokolewa. Ni habari ndogo katika vita vikubwa, lakini inaonyesha kiungo kilichokamilika: jicho, ujumbe, mkono. Kwa upande wa mapigano mambo ni magumu zaidi, kwa sababu picha iliyofika kituoni bado lazima imfikie kamanda wa kombania aliye msituni mwenye redio ya nchi yake, lugha ya jeshi lake na ramani yake.

Ipo pia hatari ya kutazamwa na asiyealikwa. Mwaka 2009 ilibainika kwamba wapiganaji wa Iraki walikuwa wakinasa picha za ndege za Marekani zisizo na rubani kwa kutumia programu ya bei ya mlo wa mgahawani. Picha zile zilikuwa zikitumwa bila kufungwa. Tajiri kuliko wote alinunua jicho na kusahau kufuli.

Hayo yanatuleta kwenye jambo ambalo nchi za Afrika Mashariki zitalazimika kuliamua. Magwaride yetu huonyesha ndege, kwa sababu ndege zinaonekana. Ndege hizo zimetoka China, Urusi na nchi za Magharibi, na kila muuzaji huja na redio yake na kiungo chake. Nchi mbili za jumuiya moja zinaweza kuruka bega kwa bega juu ya Kivu zikiwa haziwezi kupeana hata alama moja kwenye kioo. Na anayenunua kiungo kama Link 16 hanunui mashine tu. Funguo za siri zinatoka kwa mwenye mfumo, na mwenye mfumo anaweza kuacha kuzitoa.

Sweden ilikutana na swali hilo mapema. Ilikuwa nchi ya watu wachache, nje ya NATO, katikati ya kambi mbili. Katika miaka ya 1960 ndege zake za Draken zilikuwa zikipokea data kutoka ardhini kupitia kiungo ilichokijenga yenyewe. Haikutegemea wingi wa ndege peke yake. Ilihakikisha kwamba ndege zake, rada zake na makamanda wake wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa funguo zake yenyewe.

Kwa nchi zetu njia hiyo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Vyuo vyetu vinafundisha wahandisi wa mawasiliano, na kugawana masafa kwa zamu ni elimu ileile inayoendesha minara ya simu. Kazi ngumu zaidi si ya ufundi. Ni kukubaliana: herufi zipi zina maana gani, nani anasema lini, nani anaweka ufunguo. Makubaliano hayo hayahitaji kusubiri ndege mpya. Yanaweza kuandikwa mezani, yakajaribiwa kwa redio zilizopo na kurekebishwa, ili siku ndege itakaponunuliwa sharti la kwanza la mkataba liwe kwamba itazungumza lugha tuliyokwisha kuiandika sisi. Waingereza walihitaji siku tano, kati ya tarehe 6 na 11 Julai, kugundua kwamba walichokosa ni utaratibu wa zamu. Hawakuongeza mzinga hata mmoja.